Kibao

Kilikuwa cha mninga, ukubwa wa kiganja,
kimetobolewa juu, kimepitishwa uzi wa nyavu.
Nilikikuta mezani nilipohamia Igombe,
pamoja na nusu pakiti ya chaki.
Maandishi mekundu: NIMESEMA KILUGHA.

Sikukichonga mimi. Nasema hivyo kila ninaposimulia,
kana kwamba aliyekivisha
ana deni dogo kuliko aliyekichonga.

Mimi mtoto wa Pangani. Kwetu Kiswahili
hatujifunzi, tunakinyonya.
Nikaja ziwani pua juu,
nikisahihisha hata salamu:
"Si ng'walimu. Mwalimu. Midomo ikutane. Tena."
Na darasa la tatu, watoto tisini na mmoja,
wakakutanisha midomo
wasiitenganishe tena.

Kwenye ripoti nikaandika: Darasa zito. Hawana msingi.

Nkwimba binti Lushinge alikaa dawati la mwisho.
Alfajiri, kabla ya kengele, alimpimia mama yake dagaa
sado kwa sado juu ya mwamba,
akijua nani kakopa, nani kalipa nusu,
nani huapa kwa Mungu halafu harudi,
yote kichwani. Hilo sikulijua.
Nilichojua ni hesabu, nne kwa ishirini,
na kwamba Jumanne ile kibao kilikuwa shingoni kwake
tangu saa mbili, kwa kumwambia mwenzake "sogea"
kwa neno la nyumbani.

Ubaoni: sita gawanya kwa mbili.
Kimya. Upepo wa ziwa unapekua mabati,
harufu ya dagaa inaingia bila hodi.
Nikauliza tena. Nikagonga ubao.

Akainua mikono.
Si mmoja, kama tulivyowazoesha. Yote miwili.
Vidole vitatu huku, vitatu huku.
"Itandatu," akasema, kibao kikicheza kifuani.
"Ni idatu na idatu, ng'walimu.
Jina lenyewe limeshagawa."

Ningeweza kumwongezea siku ya pili.
Mkono ulishanyanyuka.
Ila neno lilinigota mahali. Tandatu.
Bibi yangu, akihesabu makuti uani,
tano, tandatu,
na sisi wajukuu tukimcheka: bibi anasema kizee.

"Na saba?" Sauti yangu ilikuwa ndogo.
"Mpungati."
Nikaketi juu ya meza.
Fungate! Siku saba za maharusi kujifungia ndani.
Nami nililala fungate yangu, na mume, na udi, na yote,
nisijue nimelala ndani ya namba.
Lugha niliyoilinda kwa kibao
ilikuwa imepoteza funguo za vyumba vyake,
na aliyevishwa kibao
ndiye aliyekuja nazo.

Sikugeuka malaika. Juma lile lile
nilimfinya Ngolo sikio kwa jambo la bure.
Na mtihani bado ni wa Kiswahili, wazazi nawaambia wazi,
wala sitaki watoto wao wakikose.
Lakini ubaoni sasa maneno yanakaa mawili mawili.
Magesa, Mjita, akadai naye haki yake:
"Kwetu ni mukaga!"
Tukalipindua mukaga, tukalikamua,
halikutoa tatu hata moja.
Tukaliandika hivyo hivyo.

Mama Nkwimba alikuja Ijumaa na sado yake,
akatufundisha kipimo kinachoibiwa kwa kubonyezwa kitako.
Darasa zito lilicheka mpaka la nne wakachungulia.

Mratibu wa kata aliuliza, kibao kiko wapi?
Nikamwonyesha: kinabana dirisha, upepo ukizidi.
Akaandika kitu. Sijui nini.

Siku hizi kipindi kikibaki dakika tano
nasimama mimi mbele, fimbo ya ubao anayo Nkwimba.
"Ng'wana," anasema.
"Mwana," nasema.
Tisini na mmoja wanaangua kicheko.
"Si hivyo, ng'walimu. Midomo iache.
Itokee puani. Tena."