Pijo Uwanjani kwa Maduhu

Fundi Maduhu kavuta uzi toka taa ya mbele hadi ya nyuma,
kanyamaza. Uzi haujui kubembeleza:
chesisi imepinda vidole vinne.

Lori la dagaa lilitukuta Igoma, alfajiri ya mvua.
Mimi nilitoka na bega bovu.
Lenyewe ni kama halijatoka bado.

"Linyooshe," nasema.
"Kwa hela hiyo, dada, unapata jingine, na redio juu."
Mnunuzi wa chuma chakavu keshafika na mizani,
anagonga boneti kama anayechagua tikiti.

Baba alililipa kwa pamba ya misimu mitatu.
Jumapili akilipeleka Capri Point lione ziwa.
Lione lenyewe, alisema; sisi tulikuwa abiria tu.

Naketi kwenye usukani. Mlango haufungi.
Vipande vya kioo bado vimo mifukoni mwa kiti,
na harufu yake ileile, petroli na ubuyu.

Nabonyeza honi.
Inakohoa, kisha inalia,
kuku wa Maduhu wanatawanyika hadi barabarani.

Mwenye mizani anasubiri.
Sijasema litengenezwe.
Nimeuliza tu, kodi ya uwanja
ni shilingi ngapi kwa mwezi.