Mbuzi wa Mawe

Kamera ya kumi na nne haikuona kitu siku thelathini na moja.
Iliona vumbi. Iliona mkia wa mbweha,
punda wa mtu mara mbili, mbuzi wa mtu mara mia na sita,
na uso wangu mwenyewe, nimekunja paji,
siku niliyokwenda kubadilisha betri.
Hamdun akasema, futa.
Sikufuta. Nikaandika sifuri kwenye daftari, nikaitia tarehe.

Mama haelewi mshahara wa kazi hii.
Anafungua friji, hapa Kuryat, kutafuta nguru,
anakuta bahasha zangu za kinyesi,
kila moja na namba yake na jina la bonde.
"Shinuna, haya mavi yana kitambulisho.
Mimi nilikaa miaka mitatu sina."

Kwa Kiswahili mnyama huyu hana jina.
Watu wa mlimani humwita waali.
Mama akasikia wali, akacheka mpaka akaketi.
Nikamwonyesha picha: dume,
manyoya ya shingo yamemshukia magotini,
kwato zimeng'ang'ania ubavu wa jabali
pasipokaa hata kivuli.
"Mbuzi wa mawe," akasema. Basi.
Tangu siku hiyo ndilo jina lake,
katika nyumba moja, kwa watu wawili,
na mmoja wao ana miaka themanini na moja.

Nilimweleza jikoni.
Niliweka sinia sakafuni, na kule karibu na mlango
kisahani cha kahawa.
Nikachota mbaazi, nikarusha bila kulenga.
Sinia ikalia kama bati lenye mvua.
Kisahani kikapata mbili; moja ikadunda, ikatoka.
"Kisiwa kikubwa hupata wengi," nikasema.
"Kidogo, tena cha mbali, hupata wachache,
na hao wachache wakienda, hakuna wa kuwafuata."
"Hayo ndiyo uliyoyalipia chuo?"
Alikuwa ameshainama, anaokota mbaazi mojamoja.
"Mimi nimezaliwa Pemba. Ungeniuliza."

Lakini hapa, Mama, hakuna maji.
Kisiwa ni jabali na bahari ni lami,
barabara pana ya Maskati kwenda Suri,
malori usiku kucha.
Walio kusini wako kusini.
Dume mmoja alijaribu, Februari.
Nilimpima kwa utepe, kalala chini ya ukuta wa zege,
pembe imekatika,
macho yangali wazi upande alikokuwa akienda.

Maabara wamejibu: wa kusini damu zao zimekaribiana mno.
Wanazaana ndugu kwa ndugu.
Mama akanywa chai, akafikiri.
"Baba yako alikuwa mtoto wa ami yangu."
"Najua."
"Na wewe umetoka mzima."
"Najua, Mama."
"Isipokuwa hii kazi."

Kamera ya kumi na nne iko chini ya lami,
mdomoni mwa kalvati.
Tuliizibua mwaka jana, mimi na Hamdun na vijana wawili,
tukatoa matairi, mapipa, godoro,
tukamwaga changarawe ili kwato zisiteleze.
Kisha tukaondoka, tukaacha harufu yetu ipotee.
Siku thelathini na moja, sifuri.

Jana, upande wa kaskazini, hatua nne nje ya kamera,
nimekuta punje saba, kavu, nyeusi.
Huenda ni za mbuzi wa mtu.
Wako mia na sita, wanapita wapendapo.
Hamdun alichuchumaa, akatazama, hakusema kitu,
naye ni mtu wa kusema.

Majibu huchukua wiki sita.
Fomu ni ya Kiarabu, na pana mstari: aina ya mnyama.
Nimeandika kwa Kiswahili, maneno matatu,
na alama ya kuuliza.
Friji ilikuwa imejaa.
Mama akamsogeza nguru.