Alama Mbili

Fundi Shaame wa Wete hakunigombeza.
Galoni zima nililimimina, nikakaza kifuniko,
nikajifuta mikono kama aliyetoka karamuni.

"Chomoa kijiti, Hafidhu. Kifute.
Kirudishe. Kichomoe tena."

Oili ilikuwa imepita alama ya juu,
rangi ya asali mbichi, ikiteremka hadi kidoleni.

"Ikizidi hufanya povu," akasema,
"na povu halilainishi chuma."

Nikalala tena juu ya boksi lililopasuliwa,
nikailegeza nati ya chini,
tone, tone, kisha mshipi mwembamba.
Adhuhuri ikaadhiniwa, nami bado chini.

Mwenye gari, muuza vitunguu wa Konde,
akainama kuuliza tunangoja nini.

"Tunapunguza," nikamjibu,
na neno lenyewe
likanikaa kinywani kama jino jipya.