Kengele ya Saa Tatu na Nusu

Niliutaka ukuu wa shule ile, sitaficha.
Miaka kumi na tisa nafundisha hesabu
katika kijiji cha Svaneti ambacho theluji
hukifunga Novemba na kukifungua ikipenda.
Nilikwisha kununua tai.
Wakampa Tsiala.

Jambo lake la kwanza: akasogeza kengele,
kutoka saa mbili hadi saa tatu na nusu.
"Kwa sababu ya ng'ombe," alisema,
kama mtu anayetaja bei ya chumvi.
Nikacheka mle chumba cha walimu, tulimokuwa watatu.
Shule inayopangiwa ratiba na viwele!

Hakuniuliza mimi. Hilo ndilo lililoniuma.
Aliwauliza akina mama zizini,
amechuchumaa, maziwa yakipiga bati la ndoo,
aliuliza Ushangi huamka saa ngapi,
aliuliza nani huwasha moto kwa kina Gvantsa
tangu baba yao avuke mpaka
kwenda Uturuki kuchuma chai ya watu.
Majibu aliyaandika nyuma ya pakiti ya mbegu.

Usiku nikakaa na kalamu.
Barua ndefu kwa Wizara, isiyo na jina:
nidhamu imeshuka, saa za masomo zinaibwa,
dakika arobaini za hesabu kila wiki.
Nilidhani naitetea elimu.
Pengine nilikuwa naitetea.
Tai ilikuwa bado kwenye karatasi yake.

Mkaguzi akafika Machi na viatu vya mjini.
Mgeni njoo, mwenyeji apone –
mwenyeji yupi, nilijiuliza, nikikwepa macho.
Akafungua fomu, akasoma kwa sauti:
Taja dira ya shule.

Tsiala alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko la chuma,
anapuliza. Watoto walikuwa wakiingia,
kila mmoja na gogo lake kwapani,
magogo yana barafu, yanalia yakiguswa na moto.
Hakugeuka.
"Andika: kumi na saba kati ya kumi na saba."
"Hiyo ni idadi, mama. Si dira."
"Mwaka jana asubuhi walikuwa wakifika tisa,
na wawili kati yao wakilala juu ya daftari."

Ndipo mkaguzi akaitoa barua yangu.
Aliisoma kama asomavyo insha ya mtoto,
kidole chini ya mstari.
Mwandiko niliupinda kushoto usijulikane,
lakini nne yangu, jamani,
nne yangu iko wazi juu kama mdomo wa kifaranga,
na ameiona ubaoni miaka yote hiyo.
Kidole kikasimama.

"Mwandishi ana hoja," alisema.
"Hesabu zinapunjwa. Tuzirudishe Jumamosi.
Mwalimu Iase, utakubali?"
Nikakubali kwa sauti ya mtu mwingine.
Tangu siku hiyo hadi leo
hajaligusa tena jambo lile, hata kwa mzaha,
na mimi sijui kama huo ni msamaha
au ni adhabu.

Mwaka uliofuata alikwenda Kutaisi kupasuliwa nyonga.
Aliniachia ufunguo na karatasi moja.
Nilitarajia mambo ya mitihani.
"Gvantsa asikae karibu na dirisha.
Mama yake Ushangi anadaiwa unga,
usimtajie michango mbele ya watu.
Majivu yamwage njiani penye barafu, si uani.
Jiko hili hupulizwa kutoka chini."

Cheo ni dhamana, husema wasemao.
Hawasemi kwamba kinanuka moshi,
kwamba kinakula magoti.
Tai sikuivaa; ingeingia majivuni.
Nilipuliza kutoka juu, nikakohoa,
nikapuliza kutoka chini.

Wakafika kumi na sita.
Kwa mbali, kwenye mteremko, nukta nyeusi
ikianguka, ikiinuka, ikikimbia na gogo.
Saa tatu na nusu ikafika.
Nikaishika kamba ya kengele.
Nikangoja.