Spoku Thelathini na Mbili

Uyole, Julai. Ukungu umekalia barabara,
malori ya Tunduma yanapiga honi kama vipofu.
Atupele anapepea mkaa kwa mfuniko wa ndoo.

Nyama imelala tangu jana
ndani ya papai bichi la Kyela,
tangawizi, kitunguu saumu, ndimu mbili,
na kile kiungo asichokitaja.
"Nyama ni mgeni," husema. "Usimharakishe."

Wateja hawajui
kwamba spoku wanazozishika
ni gurudumu la mbele la Ambwene,
lililopanda Uporoto na magunia ya viazi
miaka kumi na minne,
hadi kifua kilipomkatalia mlima.
Alizichomoa mwenyewe, moja moja,
akazinoa, akazisugua kwa majivu:
"Hizi zitakulisha."

Mafuta yanadondoka, mkaa unafoka,
moshi unajipenyeza kwenye makoti.
Utingo mmoja anakula mitano,
wa sita anaondoka nao mkononi,
akikimbilia lori lililokwisha kung'oa.

Usiku anahesabu juu ya sinia:
thelathini na moja.
Anarudia.
Thelathini na moja.

Anatazama kule lori lilikoelekea.
"Haya," anasema, akifukia makaa kwenye majivu,
"umeanza tena safari zako, baba Sekela."