Sarafu ya Lifti

Lifti yetu hapa Gldani hula sarafu.
Bila tetri ishirini haipandi
hata uisihi kwa jina la marehemu mama yako.

Miaka kumi na moja nimekaa ghorofa ya nane,
majirani nikiwajua kwa kelele tu:
huyu kikohozi, yule nyundo ya Jumapili,
wale mlango unaobamizwa.
Wa juu yangu alikuwa mkwaruzo.
Kruu, toka dirishani hadi mlangoni,
kruu, saa saba za usiku.
Nami nilichukua ufagio,
nikaigonga dari kwa mpini
mpaka chokaa ikaniingia kwenye nywele.
Salamu nyingine sikuwahi kumpa.

Januari ile, mwanamke mwenye mfuko wa viazi
alisimama mbele ya kisanduku cha sarafu
akijipapasa koti.
"Samahani, una ishirini?"
Nilikuwa nayo.
Mlango ukajifunga, tukaitazama taa
kama washtakiwa wa kesi moja wasiojuana.
Toka chini hadi kwangu ni sekunde hamsini.
Nilikwisha kuzihesabu zamani, nikiomba zipungue.

Siku ya kwanza tuliongea viazi.
Siku ya pili alinirudishia sarafu
imefungwa kwenye karatasi
na kipande cha mkate wa jibini, bado cha moto.
Akasema anaitwa Lamzira.
Siku ya tano, au ya sita,
akauliza mlango wangu ni upi.
Ghorofa ya nane, kushoto.
Akanyamaza toka ya nne hadi ya saba.
"Kumbe ufagio ni wewe."

Mkwaruzo ulikuwa na jina: Ucha.
Miaka kumi na tisa. Kiti cha magurudumu,
gurudumu moja limevuka mpira.
Usingizi ukimkataa huenda dirishani
kuiangalia barabara asiyoigusa tangu vuli,
kwa kuwa kiti kimeuzidi mlango wa lifti
kwa vidole vinne.
Vinne. Nilivitazama vyangu.

Ya nane ikafika, mlango ukafunguka,
sikushuka.
Nikatoa sarafu nyingine.

Baadaye tulianza kuzunguka, mimi na Lamzira.
Nilidhani najua kubisha; si nimegonga miaka yote?
Lakini kugonga ni kugonga,
hodi ni jambo lingine:
hodi husubiri.
Ghorofa ya tatu, sauti ikatoka kwenye tundu:
"Sinunui kitu!"
"Hatuuzi," nikasema, "tunauliza jina lako."
Kimya. Kisha komeo.
Huyo ndiye Murman, nyundo ya Jumapili,
aliyepanda wiki hiyo hiyo na mtambo wa kuchomelea,
akakiweka kiti kifuani kama mbuzi wa kukatwa kwato,
akakipunguza vidole vitano,
"kimoja cha bahati."
Wenye mlango wa kubamizwa, mke na mume,
walikuwa wameachana tangu Novemba.
Mume alitupa mlango wenyewe, wa chumba
alichosema hana haja ya kukifunga tena.
Tukaulaza juu ya vidato vya kutokea nje.

Kikohozi hakutufungulia. Mpaka leo hajafungua.
Lamzira humwachia mkate mlangoni,
asubuhi karatasi imekunjwa vizuri, tupu.

Barua ya manispaa tuliitia saini watu sitini na mmoja.
Jibu: suala linashughulikiwa.
Tukaandika ya pili. Sasa tunaandika ya nne,
na jengo la mkabala limeomba nakala.

Ucha aliposhuka mara ya kwanza
hakusema neno. Aliteremka juu ya ule mlango,
akaenda mpaka kwenye duka la mbegu za alizeti,
akapanga foleni.
Alipanga foleni, basi,
nyuma ya mtu asiyemjua,
akamuuliza kama mbegu ni za leo.

Usiku bado yupo. Kruu.
Nachukua ufagio, nagonga mara mbili, polepole.
Anajibu mara tatu.
Hatujawahi kukubaliana maana yake.