Urefu wa Bomba

Siku ya nne Newala haina maji,
na mimi, fundi Nangomwa, nimeshika spana
kama mtu aliyeshika swali.

Nilianza na koki ya Mama Akanusiye.
Nikaiuliza kwa kuigonga: una nini?
Ikajibu ngo, ngo: mimi hupewa tu.
Mita nayo hupewa.
Bomba la inchi mbili hupewa na la inchi nne,
la inchi nne hupewa na tanki.
Tanki nikalipanda, nikachungulia:
giza, mjusi mmoja, na mwangwi wa kikohozi changu.
Kumbe mji mzima ni wa kupewa.

Mpwa wangu Somoe alikuwa nyuma na begi la vifaa.
Amemaliza kidato cha sita, anangoja majibu,
na katika kungoja huko anabishana na kila kitu.
"Mjomba, kwani lazima pawe na mwanzo?
Bomba likiwa halina mwisho,
kila kipande kikapewa na cha nyuma yake,
si inatosha?"

Nilicheka mpaka spana ikaniponyoka.
Mwanangu, nimelaza mabomba miaka ishirini na sita.
Unga kipande, unga kingine, yapitishe Masasi,
yafikishe huko hesabu zinakochoka:
umeongeza urefu, tone hujaongeza.
Wingi wa mabomba haukati kiu.

Akanyamaza hadi tulipoteremka Kitangari kwa pikipiki ya idara.
Kule Mitema chemchemi ilikuwepo,
inatokota polepole mchangani kama uji wa mgonjwa,
haina habari kwamba huko juu watu wametukanana kwa ndoo.
Iliyolala ni pampu.
Mlinzi wake, Chilumba, akanyoosha kidole kwenye nguzo:
umeme. Umeme hupewa na mitambo ya Mtwara,
mitambo hupewa na gesi ya Msimbati,
na gesi, akadakia Somoe, ni viumbe vilivyooza
kabla hapajawa na mtu wa kuzihesabu siku.
"Na chemchemi hupewa na mvua, mvua na bahari,
bahari na mito, mito na chemchemi. Mjomba, ni duara!
Duara halina wa kwanza."

Hapo alinipata. Nakiri.
Nilikaa juu ya kifuniko cha chemba
nikatafuna muhogo nisiusikie ladha.
Kisha nikaliona gurudumu la pikipiki.
Nalo duara, halina spoki ya kwanza wala ya mwisho,
ila limesimama pale kivulini
na halizunguki mpaka mtu apige kiki.
"Jua ndilo linapiga kiki," akasema.
Na jua?
"Na huyo wako, je? Yeye alipewa na nani?"

Nikimtaja aliyepewa, nikasema, bado nimo bombani.
Namtafuta ambaye kuwa kwake hakukopa.
"Na ukimkuta, utajuaje kama anasikia?
Huenda ni pampu tu. Kubwa. Kiziwi."

Hiyo nati spana yangu haiifungui.
Dada yangu, mama yake, tulimzika Februari.
Sikuwa nimeelewa tangu asubuhi
kwamba tulikuwa tunazungumza habari hiyo.

Usiku akaomba tupitie Shimo la Mungu.
Tukasimama ukingoni, bonde lote limemezwa,
ng'ambo ya Ruvuma mioto miwili mitatu ya Msumbiji.
Alitupa jiwe. Tukasikiliza.
Hatukusikia lilipotua.
"Halafu watu wanapaita kwa jina lake," akasema,
"kana kwamba wameshafika chini."

Jina ninalo, Somoe, kama walivyo nalo wote,
nilifundishwa kabla sijaota meno.
Ninachokijua kwa mikono hii ni upande tu:
bomba linatokea wapi.

Simu ikalia. Mama Akanusiye, anapiga kelele:
koki inakohoa, inatema upepo, inatema kutu!
Usiyakinge hayo, nikamwambia, yaache yapite.

Tulipofika alikuwa amemwaga ndoo ya kwanza, nyekundu,
na ya pili, rangi ya chai.
Somoe alipiga magoti, akakinga ya tatu kwa viganja,
akayatazama muda mrefu
kabla ya kunywa.